Mpya au iliyotumika?
Mdogo wangu, umeuliza ununue kamera mpya ya bei ndogo au Canon 5D Mark III iliyotumika, kwa kazi za harusi hapa Tanga. Chukua iliyotumika. Ukumbini usiku sensa yake kubwa (kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga) itakubeba, na ina nafasi mbili za kadi: ukiiweka iandike kwenye zote mbili, moja ikifa, picha za bibi harusi zipo kwenye nyingine. Kwangu hilo pekee linatosha.

Shata yake, lile pazia linalofunguka kila unapopiga picha, Canon waliikadiria kudumu mipigo 150,000. Idadi iliyokwisha pigwa haionekani kwenye menyu, inasomwa kwa programu ya kompyuta, kwa hiyo nenda na laptopu. Muuzaji akikataa, ondoka.

Ila sisi wa pwani adui yetu mkubwa ni kuvu. Vua lenzi, mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, iache hata kwa bei ya kutupa. Niliwahi kupoteza lenzi nzuri kabisa kwa kuisahau begini masika nzima! Yako ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyofyonza unyevu. Chenji inayobaki, nunua betri ya pili.