Ukitaka Kulijua Jumba la Kale, Ulizia Madeni Yake

Watu wakishajua kwamba napenda historia za majumba makubwa, swali huwa moja: mtu aanzie wapi? Jumba lina miaka mia tano, limepita mikononi mwa koo chungu nzima, na kila anayelisimulia ana kisa chake cha mapenzi na usaliti. Ushauri wangu haujabadilika. Visa vya mapenzi viweke kando kwanza, havikimbii. Anza kuuliza nani alikuwa anamdai nani.

Nitatumia mfano wa kasri la Chenonceau nchini Ufaransa, lile lililojengwa juu ya mto Cher. Ndilo nililolifuatilia kwa karibu kuliko mengine, na nyaraka zake nyingi zilisalimika. Miaka ya 1860 padri mmoja, Casimir Chevalier, alizichambua na kuzichapisha. Huko hulisifu kuwa kasri la wanawake, na kweli wanawake ndio waliolijenga, wakalipamba na kulinusuru. Lakini soma jinsi kila mmoja wao alivyolipata, utakuta hesabu nyuma ya pazia.

Chukua daftari, uchore safu nne: mwenye mali, mwaka alioipata, aliipataje, ilimtokaje. Wengi hujaza mbili za kwanza wakaridhika. Utamu uko katika hizo mbili za mwisho.

Ukoo wa Marques, waliokuwa na ngome na kinu cha maji mahali hapo, walizidiwa na madeni. Mwaka 1513 wakamwuzia Thomas Bohier, ofisa wa fedha wa mfalme. Bohier akaibomoa ngome, akabakiza mnara mmoja tu, kisha akajenga nyumba mpya juu ya misingi ya kinu kile, katikati ya maji. Ujenzi ulianza 1515 ukamalizika 1521. Yeye alikuwa kwenye vita vya Italia mara nyingi, kwa hiyo aliyesimama na mafundi ni mkewe, Katherine Briçonnet. Herufi TBK zilizochongwa humo ni majina yao wote wawili. Hapa nasisitiza: hati za zamani humtaja mume, nawe ukizifuata kibubusa utamkosa mtu aliyeamua ngazi ipite wapi na madirisha yatazame wapi. Katika kila mstari wa daftari lako, ongeza jina la mke, mama au binti, hata kama hati imenyamaza.

Bohier alifariki 1524, mkewe 1526. Hesabu za Bohier zilipokaguliwa ikaonekana hazina ya mfalme inamdai. Mwana wao, Antoine, akalisalimisha kasri kwa mfalme François I mwaka 1535 ili deni lifutwe. Nyumba nzima, na jasho la mama yake, ikaenda kuziba pengo la vitabu vya hesabu.

Sasa tufike kwenye sehemu inayopendwa na wasimulizi. Mwaka 1547 Henri II alipotawazwa alimpa kasri hili Diane de Poitiers, kipenzi chake. Wengi huishia hapo. Mimi hupenda kuendelea, kwa sababu Diane alijua kitu ambacho wapenzi wa hadithi hawakijali: mali ya ufalme haigawiwi. Zawadi ya mfalme mmoja ingeweza kutenguliwa na mfalme ajaye. Basi wanasheria wakaingia kazini. Makabidhiano ya 1535 yakabatilishwa, kasri likarudi kwa Antoine Bohier kana kwamba halikuwahi kuwa la ufalme, na deni lake nalo likafufuka. Likapigwa mnada kwa ajili ya deni hilo, na mnunuzi akawa Diane. Kufikia 1555 alikuwa na hati safi mkononi. Huyo bwana Bohier namwonea huruma kila nikisoma: alinyang'anywa nyumba kwa deni, akarudishiwa ili anyang'anywe tena kwa deni lile lile.

Diane akajenga daraja la kuvuka mto, mchoro ukiwa wa msanifu majengo Philibert de l'Orme. Lakini mwaka 1559 Henri alijeruhiwa katika mchezo wa mikuki akafa, na mjane wake, Catherine de' Medici, akamtaka Diane aondoke. Na tazama alivyofanya: hakumfukuza mikono mitupu, alibadilishana naye, Chenonceau kwa Chaumont. Hati ile iliyotafutwa kwa miaka ilikuwa na nguvu kiasi kwamba hata malkia mwenye uchungu hakuipita juu kwa juu. Ndiyo maana nasema safu ya tatu ndiyo yenye maneno. Catherine alijenga ukumbi mrefu juu ya daraja la mwenzake, karibu mita 60, na picha tunayoiona leo ya kasri lililokanyaga mto ni kazi ya mahasimu wawili, mmoja juu ya mwingine.

Ukiwa ndani, tazama nembo ya H iliyosukwa na C mbili. Rasmi ni Henri na Catherine. Ila mgongo wa C ukikutana na mguu wa H, jicho linaona D. Waongozaji hucheka wakiionyesha, na mimi pia hucheka, lakini sijengi hoja juu yake. Nembo haina tarehe wala sahihi. Alama ya ukutani inakupa swali la kwenda nalo kwenye nyaraka, basi.

Catherine alifariki Januari 1589, akamwachia kasri mke wa mwanawe, Louise wa Lorraine. Miezi saba baadaye mumewe, mfalme Henri III, akauawa, na Louise akakaa eda humo, amevaa nyeupe kama ilivyokuwa desturi ya malkia wajane, chumba chake kimepakwa rangi nyeusi. Chumba hicho huwatoa watu machozi. Wachache wanaambiwa kwamba alirithi na madeni ya mama mkwe, na wadai walikuwa wanalipigania kasri. Mvutano ule ulikuja kumalizwa kwa posa: mwaka 1598 mwana wa mfalme aliyefuata, Henri IV, aitwaye César de Vendôme, akachumbiwa Françoise, binti wa kaka yake Louise, wote wakiwa watoto wadogo. Kasri likaingia kwa akina Vendôme.

Hapo ruka haraka. Zaidi ya miaka mia moja ya wenye mali waliolijali kidogo, kisha 1720 likanunuliwa na Duke (cheo cha juu cha kikabaila) wa Bourbon, vilivyomo vikatawanyika, na 1733 likauzwa kwa Claude Dupin, tajiri wa ukusanyaji kodi. Mkewe, Louise Dupin, aliwakaribisha wanafalsafa akina Voltaire na Montesquieu, na mwenzao Rousseau alikuwa katibu wake. Mapinduzi ya 1789 yalipowaka, majumba ya wakubwa yalichomwa huku na kule, hili likapona. Bibi huyo alipendwa na wanakijiji, na isitoshe ukumbi ulikuwa daraja, na madaraja ya kuvukia mto ule yalikuwa haba. Kwangu mimi, sababu ya daraja ndiyo yenye uzito zaidi. Bibi Dupin alifariki humo 1799.

Halafu kuna onyo ambalo ningependa ulishike kuliko yote: unachokiona mara nyingi ni ladha ya aliyekarabati, si ya aliyejenga. Mwaka 1864 Chenonceau lilinunuliwa na Marguerite Pelouze, ambaye utajiri wa kwao ulitokana na taa za gesi za Paris. Alitaka kulirudisha kuwa kama enzi za Katherine Briçonnet, kwa hiyo nyongeza za Catherine kwenye uso wa mbele zikaondolewa. Sanamu nne kubwa zilizobeba ukuta zikahamishiwa bustanini, na huko ndiko zilipo. Ukipiga picha mlangoni ukaandika "karne ya 16", ujue karne ya 19 imechagua ubakishiwe nini. Alitumia fedha bila kuhesabu. Wakati huohuo kaka yake, Daniel Wilson, aliponza wengi katika kashfa ya kuuza nishani iliyomwangusha rais Jules Grévy mwaka 1887. Mwaka uliofuata benki ikalikamata kasri. Likapitia kwa ukoo wa Terry kutoka Cuba, na 1913 likanunuliwa na akina Menier, watengenezaji chokoleti.

Utaniuliza, je, jumba ambalo halikuwahi kubadilisha ukoo? Swali ni lile lile, ila ligeuze: waliuza nini ili wabaki? Chatsworth huko Uingereza limekuwa la akina Cavendish tangu 1549. Mwaka 1950 mkuu wa ukoo huo, Duke wa 10 wa Devonshire, alifariki miezi michache kabla ya muda wa miaka mitano ambao ungeziokoa mali alizokwisha kuhamishia warithi wake. Kodi ya mirathi ikawa asilimia 80. Ukoo ukatoa mashamba, kazi za sanaa, hata Hardwick Hall, jumba la bibi mwanzilishi wao, ili Chatsworth libaki. Kwa hiyo ukisikia "familia moja tangu zamani", tafuta orodha ya vilivyotoka.

Mstari wa mwisho wa daftari langu huwa ni wa leo: paa linalipiwa na nani? Chenonceau bado ni la akina Menier, nao wanatoza kiingilio. Vaux-le-Vicomte, kasri jingine la Ufaransa, lile la Nicolas Fouquet aliyekamatwa 1661, lilinunuliwa kwenye mnada wa 1875 na Alfred Sommier, mwenye kiwanda cha sukari. Wazao wake walilifungulia wageni 1968. Fouquet alikuwa waziri wa fedha. Bohier, fedha. Dupin, kodi. Menier na Sommier, chokoleti na sukari. Ukishaujaza mstari huo, rudi sasa kwenye visa vya mapenzi uvisome upya.