Kwako uliyekabidhiwa kijana wa kumlea kiroho

Mchungaji amekuita baada ya ibada, akakuambia kuna binti ameokoka juzijuzi na angependa utembee naye. Umekubali, na sasa unajiuliza uanzie wapi. Nimewalea mabinti wanaokuja mjini kusoma chuo kwa miaka mingi, na ningependa ujue jambo moja mapema: huyo binti ni wa Mungu. Umepewa umsaidie kumsikia Mungu yeye mwenyewe, na siku atakapoweza bila wewe, kazi yako imekwenda vizuri.

Soma 1 Samweli sura ya 3 taratibu. Kuhani Eli amezeeka, macho yamefifia, na wanawe wameharibika asiwazuie. Hata hivyo mtoto Samweli aliye chini yake anamkimbilia usiku mara tatu akidhani ndiye aliyemwita, kumbe ni Mungu. Eli angeweza kumkalisha chini na kumweleza Mungu anataka nini. Alimrudisha akalale, akampa maneno ya kujibu tu: "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Kulipokucha akamtaka amwambie yote bila kuficha. Ujumbe ulikuwa hukumu juu ya nyumba yake mwenyewe, naye akaupokea bila kumkemea mtoto. Asubuhi hiyo hunigusa kila nikiisoma. Mlezi anayependa kusikia mazuri tu, baada ya muda hataambiwa ukweli.

Mkikutana, usitegemee kwamba yote yatasemwa mezani. Wengi watakaa nawe saa nzima, chai ipoe, wakijibu, "Niko salama, Mama, namshukuru Mungu." Usimchimbe. Ombeni, muagane, kisha umsindikize mpaka kituoni. Mkitembea sambamba, bila kutazamana usoni, ndipo atakapopunguza mwendo na kusema, "Mama, kuna kitu nilitaka kukuambia." Habari za ada iliyotumika vibaya, za mimba, za baba anayekunywa, za kutilia shaka kama Mungu yupo, nimezisikia kati ya mlango wangu na kituo cha daladala. Kwa hiyo usipange shughuli nyingine mara baada ya kikao. Daladala ya kwanza ikija, iacheni ipite.

Kuhusu siri, weka wazi tangu siku ya kwanza. Mwambie utatunza atakayokuambia, ila ukisikia kwamba kuna mtu anamdhuru, au mtoto anadhuriwa, au anafikiria kujiua, mtatafuta msaada pamoja. Ukiahidi kunyamazia kila kitu, siku hiyo utabanwa kati ya ahadi yako na uhai wa mtu.

Wanawake tuwalee wanawake, kama Tito 2 inavyoelekeza, na wanaume wawalee wanaume, mahali mnapoonekana. Fedha zisiingie: usimkope, usipokee bahasha yake. Akikosa nauli au chakula, mpe kama ndugu au mpeleke kwa wazee wa kanisa.

Lipo jambo linaloniumiza sana. Wapo wanaojiita baba au mama wa kiroho, na kijana aliye chini yao hawezi kuchumbia, kubadili kazi wala kusafiri mpaka wao waseme, "Mungu ameniambia." Uchumba umevunjwa kwa neno hilo. Wengine wamekatazwa hata kuongea na wazazi waliowazaa. Huo ni utawala, na Kristo hakumpa yeyote kati yetu. Binti akikuuliza, "Mama, nimkubali au nimkatae?", muulize ameombaje, wazazi wanasemaje, rafiki zake wanamwonaje huyo kaka, na kaka mwenyewe anakuwaje akikasirika. Ndipo utoe maoni yako, na uyaite maoni. Paulo alikuwa mtume, lakini katika 1 Wakorintho 7, akizungumzia ndoa hiyohiyo, anatenga waziwazi amri ya Bwana na shauri lake mwenyewe.

Mwangalie na Barnaba katika Matendo ya Mitume. Alimfuata Sauli, ndiye Paulo, huko Tarso, akamleta Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Walipotumwa, jina la Barnaba lilitangulia; walipotoka Kipro, Luka anaanza kuandika "Paulo na Barnaba." Hatusomi popote kwamba alinung'unika. Baadaye akamchukua Yohana Marko, ambaye Paulo hakutaka kusafiri naye tena, na ni Marko huyohuyo ambaye Paulo, karibu na mwisho wake, anaagiza aletwe kwa kuwa anamfaa kwa utumishi.

Basi binti akimaliza chuo na kupata kazi Songea au Kigoma, usimng'ang'anie kwa simu kila usiku. Mwombee kwa mchungaji barua ya utambulisho, mtafutie usharika ulio karibu na kazini kwake, na kama unamfahamu mama mwenye busara huko, waunganishe kabla hajapanda basi. Akishapata makazi, mpigie umuulize kama amepata mtu wa kusali naye. Akikutajia jina, mwombee na huyo mlezi mpya.