Juzuu ya Tisa Inunue, ya Kumi Mwachie Muuzaji

MUULIZE MAMA MAKTABA

Shikamoo Mama Maktaba,

Nafanya kazi katika duka la vipuri vya magari barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na ninaishi Umoja. Tangu 2021 nimekuwa nikisoma The Wheel of Time, mfululizo mrefu wa riwaya za kifantasia wa Robert Jordan, juzuu moja moja, nyingi nikiwa ndani ya matatu asubuhi na jioni. Nne za kwanza nilizimeza. Siku moja nikiwa na ya nne nilipitiliza kituo changu mpaka gari likageuza.

Lakini tangu ya saba naona hadithi imekwama. Safari fupi inakula sura baada ya sura, tunaelezwa magauni mpaka tarizi za mikononi, na mhusika mmoja, Nynaeve, anauvuta msuko wake wa nywele mpaka nashangaa ungalipo. Halafu mwisho wa juzuu ya saba ukuta unamwangukia Mat, mmoja wa wahusika wakuu. Nikanunua ya nane nijue kama Mat yu hai. Nimeisoma yote, kutoka jalada hadi jalada, na Mat hayumo!

Sasa muuzaji wangu wa vitabu vya inama, vile vya mitumba vinavyotandazwa chini, pale barabara ya Tom Mboya ameniwekea ya tisa na ya kumi, zote mbili shilingi 700, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mke wangu anasema niache, hizo ni pesa za unga na mafuta ya kupikia. Nami nimeshasoma zaidi ya kurasa 5,000, nikiacha naona kama nimezitupa. Nikiendelea, nahofia kumtafuta Mat kurasa nyingine elfu. Nifanyeje?

Msomaji, Umoja

*

Marahaba, mwanangu.

Nunua ya tisa. Ya kumi mwachie muuzaji wako. Nitakueleza kwa nini, na nitajitahidi nisikufichulie usichokifikia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kalamu mkononi. Umemtaja Mat mara nne. Rand, ambaye vitabu vyote hivi vinamzunguka yeye, hukumtaja hata mara moja. Nilikaa miaka 22 nyuma ya meza ya maktaba ya shule moja ya upili huku Eastlands, na huko ndiko nilikojifunza kusikiliza namna hii. Mwanafunzi aliyeachana na kitabu alikirudisha akilalamika kuwa ni kinene, maandishi ni madogo, mtihani umekaribia. Yule ambaye kitabu kilikuwa bado kimemshika alikuja na hasira kwa ajili ya mtu fulani aliyemo ndani: kwa nini amefanyiwa vile, kwa nini mwandishi kamsahau. Yako ni hasira ya namna hii ya pili. Mtu wako yuko chini ya kifusi na hakuna anayekuletea habari zake.

Zile kurasa 5,000 usizitie kwenye hesabu. Jioni ile uliyopitiliza kituo ulishaila utamu wake, hakuna atakayekupokonya. Kama ningeona kinachokusukuma ni kurasa hizo peke yake, ningekwambia uache leo hii na mkeo apate mafuta yake.

Kuchoka kwako nakuelewa, na sidhani kosa ni lako. Juzuu ya kwanza ilitoka 1990, ikiwa na vijana wachache wa kijiji kimoja wanaokimbia pamoja. Kufikia ya saba, 1996, vijana hao wametawanyika, kila mmoja ana wafuasi wake na maadui wake, na kila mmoja anadai sura zake. Kitabu kimoja hakiwatoshi tena, basi kuna anayewekwa kando. Perrin, mmoja wa vijana hao, naye alikosekana juzuu nzima ya tano, pengine hukuumia kwa sababu wakati ule mambo mengine yalikuwa yanakwenda mbio. Ya nane ilipotoka 1998 mbio zilikuwa zimepungua, ndiyo maana pengo la Mat limekuuma hivi. Na wewe ya tisa inakungoja juu ya gunia pale Tom Mboya. Waliokuwa wakizisoma zikitoka walingoja mpaka 2000, miaka minne mizima, ndipo wakapata habari zake.

Nami nitakupa hiyo habari moja, kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi: Mat yumo katika juzuu ya tisa. Hayuko mwanzoni, itakubidi uvumilie, lakini yumo, na ni Mat yule yule unayemjua. Sura ya mwisho ya juzuu hiyo niliisoma kwa mshumaa, stima zimepotea mtaa mzima, nikawa naomba zisirudi upesi maana watoto wangeanza kuniita. Naihesabu kati ya sura bora katika mfululizo wote. Siongezi neno.

Ya kumi ilitoka 2003, na hapo nitasema wazi nionavyo: ndiyo dhaifu kuliko zote. Sehemu kubwa yake inarudi nyuma mpaka siku ile ile inapoishia ya tisa, tunapelekwa kwa huyu na yule kuona walikuwa wapi na waliliona vipi jambo lile wakiwa mbali. Wewe jambo umeshalishuhudia. Unakaa mamia ya kurasa ukiwatazama watu wakishangaa kitu unachokijua.

Katika maktaba yangu niliiona hali hii kwenye karatasi zile za kugonga tarehe za kurudisha. Ya juzuu ya kwanza ilijaa, nikabandika nyingine juu yake, nayo ikajaa. Ya juzuu ya kumi ilikuwa na mihuri mitatu, mmoja wangu mwenyewe. Mwingine ulikuwa wa msichana wa kidato cha tatu aliyeichukua likizo ya Agosti. Alipofungua shule alikuja na daftari la kurasa 96, ameandika humo yote yaliyotokea katika juzuu ile kwa ajili ya rafiki zake. Kurasa kumi na moja zilimtosha. Daftari likazunguka bweni mpaka jalada likatoka, na wenzake wote wakaruka moja kwa moja hadi ya kumi na moja. Sikumwona hata mmoja akipotea njia.

Nawe fanya hivyo. Tafuta aliyeisoma akusimulie, kisha uende kwenye ya 11, ya mwaka 2005. Pale nyuzi zilizolegea zinaanza kukazwa, na mambo yaliyokuwa yakisuasua tangu ya nane yanafika mahali. Ndiyo ya mwisho katika mfululizo huu ambayo Jordan aliimaliza kwa mkono wake. Alikuwa mgonjwa, akafariki Septemba 16, 2007. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye pia ndiye aliyekuwa mhariri wake, alimchagua kijana Brandon Sanderson akamilishe kazi kwa kufuata maelezo na vipande alivyoacha marehemu. Kitabu kimoja kilichobaki kikawa vitatu: 2009, 2010, na cha mwisho Januari 2013.

Hapa nakuonya, kwa kuwa wewe ni mtu wa Mat. Katika juzuu ya 12 atakusumbua. Anaongea mno, na mizaha yake imekaa kama nguo ya kuazima. Kwangu mimi alianza kurudi kuwa yeye katika ya 13. Lakini mwendo wa hadithi umerudi, na kwa Rand na Egwene, yule msichana wa kijiji chao, sanasana, ya 12 ni nzuri mno. Mimi nilipopata habari za msiba niliapa sitasoma mkono wa mtu mwingine, nikakaa nje mpaka 2014. Najuta miaka ile. Kurasa za mwisho kabisa nyingi ni za Jordan mwenyewe, alizitayarisha kabla hajaondoka, na nilipozifikia niliisikia sauti yake nikalia. Mwisho upo, mwanangu, umeandikwa na umechapishwa. Wasomaji wa mfululizo wa George R. R. Martin, A Song of Ice and Fire, walipata juzuu ya tano 2011, na ya sita wanaingoja bado.

Sasa muuzaji wako. Mwambie azitenganishe, akupe ya tisa kwa 350. Mwambie pia kuwa isipokuridhisha utairudisha na kumwongezea kidogo uchukue nyingine, wengi wa inama hukubali mteja wanayemjua. Na mkeo mwambie kabla hujalipa, si baada.

Ukifika mwisho wa ya tisa ukamkosa wa kukusimulia ya kumi, niandikie. Daftari la yule msichana ninalo hadi leo, nitakutolea nakala.