Maswali ya Wasomaji: Tunaenda kuvua, tunalala porini

SWALI: Habari za kazi kaka. Sisi ni washikaji wanne, tumepata kibanda cha mbao porini kabisa pembeni ya ziwa, barabara inaishia mbali afu mnamalizia kwa boti, umeme hamna, netiweki hamna, tunakaa wiki nzima ni kuvua tu. Mwenye kibanda kasema kuna jiko la kuni na vitanda, basi. Naomba ushauri wa fimbo, mshipi na chambo manake kwenye grupu kila mtu anasema lake.

JIBU: Mdogo wangu, la vifaa nakumalizia haraka. Kila mtu abebe fimbo yake ya wastani aliyoizoea na moja ya akiba ya kundi zima, mshipi wa akiba msiusahau, na kuhusu chambo muulize mwenye kibanda kuna samaki gani na msimu huo wanakaa kina gani, yeye anajua kuliko grupu lote. Kitu kimoja tu nasisitiza: kabla hamjaondoka chukueni koleo mbane kile kimwiba cha ndoano kilale. Samaki wachache watakuponyoka, sawa, ila ndoano ikikuingia kidoleni inatoka kirahisi, na pale zahanati haipo. Ikiingia karibu na jicho msiiguse kabisa, funikeni bila kukandamiza, muiteni msaada.

Sasa barua yako nimeirudia, sijaona hata neno moja kuhusu kulala, na mimi hapo ndo wasiwasi wangu ulipo. Watu wanajiandaa kwa ajili ya ziwa, nyumba wanaiachia bahati. Kibanda kilichokaa kimefungwa muda mrefu kina wenyewe, panya. Mkifika fungueni milango na madirisha yote mkae nje kama nusu saa hewa ipite, na mkiona vinyesi vyao kwenye shelfu au chini ya vitanda msishike ufagio, maana ukifagia vikavu vumbi lake unalivuta ndani ya mapafu na kuna virusi vya panya, hanta, vinaambukiza kwa njia hiyo hiyo. Vaeni glavu, changanyeni dawa ya klorini, ile ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, mwagieni mpaka vilowe, subirini dakika tano afu mfute kwa karatasi.

Afu jiko. Kabla ya kuwasha moto wa kweli chomeni karatasi moja tu ndani yake muangalie moshi unaenda wapi, ukipanda kwenye dohani vizuri, ukirudi chumbani ujue kuna kiota cha ndege au majani yameziba huko juu na msiwashe mpaka mmezibua. Moto usiopata hewa ya kutosha unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, huioni. Kichwa kinaanza kuuma, kichefuchefu, mwili mzito, na mtu aliyeshinda kwenye boti anajiambia huu ni uchovu wa safari ngoja nilale, akilala ndo basi. Dalili ya kushika ni hii: wawili watatu mkiumwa kichwa kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, hiyo ni gesi, tokeni wote na msirudi kulala humo. Na nakuomba sana kaka yako, usiku kukiwa na baridi asitokee mtu wa kuingiza jiko la mkaa chumbani eti mkaa hauna moshi, mkaa ule mwekundu usio na moshi ndo unatoa gesi hiyo kwa wingi, na hata unapokaribia kuzimika bado unatoa. Jenereta vile vile, ikae nje mbali na dirisha. Kuna alamu ndogo za betri za kugundua gesi hii, nunueni moja muiweke chumba mnacholala, ni nyepesi kuliko boksi la ndoano.

Maji ya ziwa yanaonekana masafi, mchemshe tu. Yakishatokota kwa nguvu dakika moja inatosha, mkiwa juu zaidi ya mita 2,000 fanyeni dakika tatu, maana huko maji yanachemka kwa joto dogo.

Ziwani tokeni alfajiri, mara nyingi upepo unaamka mchana na mawimbi nao. Jaketi la kuokolea livaliwe mwilini, lisikae chini ya kiti. Ukidondoka kwenye maji baridi dakika ya kwanza unahema ovyo huwezi kujizuia, ukimeza maji hapo umekwisha, na baada ya kama dakika kumi vidole vinakosa nguvu hata ya kushika kamba, kwa hiyo hilo jaketi hutapata nafasi ya kulivaa.

SWALI: Samaki tutawahifadhije bila friji? Kuna mtu kaniambia niwafunge tu kwenye mfuko wa plastiki nitoe hewa yote.

JIBU: Hapana dada, mfuko usio na hewa kwenye joto ndo mazingira wanayopenda bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua. Samaki akishavuliwa auawe hapo hapo, akatwe matamvua damu itoke, atolewe utumbo, na ule mstari mweusi wa damu kwenye uti wa mgongo ukwanguliwe kwa ukucha au kijiko maana ndo unaoanza kuharibika. Halafu barafu, joto lisizidi nyuzi 4. Barafu ikiisha vueni wa kula siku hiyo tu, wengine warudishwe majini kwa mikono iliyolowa ili ute wao usitoke. Na samaki wa ziwani, wa maji yasiyo na chumvi, msiwale wabichi, wanaweza kuwa na tegu. Utumbo usitupwe karibu na mlango, wanyama watafuata harufu usiku, muulizeni mwenye kibanda huko wanautupa wapi.

SWALI: Mume wangu anaenda kuvua na wenzake wiki nzima sehemu isiyo na simu. Mimi nitajuaje kama wamepatwa na tatizo au wamechelewa tu?

JIBU: Mama, usimruhusu aondoke bila kukuachia karatasi. Iandikwe majina yao wote, kibanda kiko wapi pamoja na namba za GPS, gari lipi litaachwa wapi, boti ya rangi gani, nani ana ugonjwa au dawa, na namba ya mwenye kibanda. La muhimu kuliko yote ni saa ya mwisho. Siku ya kurudi ni kitu kingine, hiyo inaweza kusogea kwa sababu ya upepo tu, kwa hiyo kubalianeni kabisa, labda kesho yake saa sita mchana, ikipita hiyo unapiga simu bila kujiuliza kama utaonekana una wasiwasi sana.

Kama wana uwezo wabebe kifaa cha satelaiti cha kuitia msaada, vile vya masafa ya 406 MHz havihitaji netiweki ya simu, vinasomwa na mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat ambao umekuwa ukiokoa watu tangu 1982. Ila kisajiliwe kabla ya safari na namba yako iwemo, vinginevyo waokoaji wanapata ishara bila kujua ni ya nani.

Saa ikipita mpigie kwanza mwenye kibanda, halafu polisi au waokoaji wa eneo lile, uwasomee karatasi nzima kama ilivyo. Usipande gari kuwafuata mwenyewe. Kaa sehemu yenye netiweki simu ikiwa na chaji, maana watakupigia tena na tena kuuliza vitu ambavyo wewe tu ndo unavijua.