Namba tano aliyekwenda kufundisha daraja la tatu

Wadogo zangu mnaoanza ukocha, hasa nyie mliocheza beki: muacheni kidogo Guardiola, mkamtazame Mgiriki anayeitwa Traianos Dellas. Hayumo kwenye orodha ya makocha wakubwa wa Ulaya na hajawahi kubeba ubingwa wa ligi kuu akiwa kwenye benchi. Namchagua kwa sababu hiyo hiyo. Kazi alizopewa zinafanana na zile mtakazopewa nyie, yaani timu yenye jina na madeni, mashabiki wenye hasira, na ligi isiyotazamwa na mtu.

Alizaliwa Thessaloniki mwaka 1976, akaanzia Aris. Mwaka 1997 akaenda Sheffield United, wakati huo ikiwa daraja la pili Uingereza, kisha akarudi nyumbani kuchezea AEK ya Athens na kubeba Kombe la Ugiriki mwaka 2000. Baadaye Perugia, halafu Roma ya Fabio Capello.

Lakini wengi tunamjua kwa usiku mmoja, Julai 1, 2004, pale Porto, nusu fainali ya Euro dhidi ya Jamhuri ya Czech. Czech walikuwa wameshinda mechi zao zote nne. Kocha wa Ugiriki, Otto Rehhagel, Mjerumani wa miaka 65 aliyewahi kuwa beki naye, aliwakaba mtu kwa mtu wakati Ulaya nzima ilishaona mtindo huo umepitwa na wakati. Michalis Kapsis alikabidhiwa Jan Koller, yule mrefu. Giourkas Seitaridis akapewa Milan Baroš, ambaye mashindano yalipoisha ndiye aliyekuwa mfungaji bora kwa mabao 5. Dellas hakupewa mtu. Alibaki nyuma yao, beki wa mwisho, kazi yake kusoma hatari, kufunika aliyepitwa na kuwapanga wenzake kwa mdomo.

Hapo ndipo nataka mtulie. Beki asiye na mtu wa kukaba ameshaanza ukocha bila kuambiwa. Kama bado unacheza na mwalimu wako akakupa nafasi hiyo, usiichukulie kuwa ni ya kupumzika. Na kama hukucheza kabisa, usione haya, ila badilisha mahali unapokaa ukitazama mechi. Ondoka pembeni ya uwanja, nenda kasimame nyuma ya goli. Pembeni unaona mpira unakwenda na kurudi. Nyuma ya goli unaona nafasi kati ya beki na beki, unaona nani amechelewa kupanda na nani anamwachia mwenzake kazi.

Dakika 90 ziliisha 0-0. Mwishoni kabisa mwa kipindi cha kwanza cha muda wa nyongeza, Vassilis Tsiartas, aliyetokea benchi, akapiga kona. Dellas akawahi mlingoti wa karibu, akaupiga kichwa, kipa wa Czech, Petr Čech, akabaki anatazama. Wakati ule ilitumika kanuni ya bao la fedha: ukiongoza kipindi hicho kinapoisha, mechi imekwisha. Czech hawakuwa na muda wa kujibu. Ndilo bao la fedha pekee katika historia ya Euro, kwani kanuni hiyo ilifutwa baada ya mashindano hayo. Siku tatu baadaye, kwenye fainali, Angelos Charisteas akawafunga Wareno kwa kichwa kilichotokana na kona, 1-0, na Ugiriki ikawa bingwa. Kabla ya mashindano hayo haikuwa imeshinda hata mechi moja kwenye fainali za mashindano makubwa.

Basi, kona zifanyie mazoezi kila wiki, hata kama vijana wanalalamika kwamba zinachosha. Na soma kanuni za mashindano yako kabla ya mechi ya kwanza. Timu zikilingana pointi kinaangaliwa nini, mabao au zilipokutana? Kadi za njano zinafutwa lini? Nimeona makocha wakongwe wakiuliza maswali haya siku ya mechi ya mwisho, nikawaonea huruma wachezaji wao.

Sasa ukocha wenyewe. Aprili 2013 Dellas alikabidhiwa AEK zikiwa zimebaki mechi chache mno. Kwenye mechi na Panthrakikos mashabiki wakavamia uwanja, pointi zikakatwa, na klabu iliyoanzishwa mwaka 1924 na wakimbizi kutoka Constantinople ikashuka daraja kwa mara ya kwanza. Kwa sababu ya madeni haikuishia la pili, ikaanzia la tatu. Dellas akabaki nayo. Misimu miwili, madaraja mawili, na mwaka 2015 AEK ikarudi ligi kuu.

Msidhani ni kazi nyepesi. Timu kubwa ikienda chini, kila mpinzani anaihesabu mechi hiyo kuwa fainali yake ya mwaka. Anapaki basi, yaani anarudisha wachezaji wote nyuma, anasubiri kona moja. Yaani Dellas alitakiwa kuifundisha timu yake kuvunja mchezo uleule uliompa yeye medali. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipopimwa kuliko pale Porto, maana ustadi aliosifiwa nao haukuwa na msaada mkubwa mbele ya kumi na moja waliojazana kwenye boksi. Nyie mabeki mtaukuta mtihani huu. Kuzuia mnakujua, anzeni mapema kujifunza kushambulia, kaeni na mawinga na mastraika, waulizeni wanachukia kukabwa vipi.

Oktoba 2015, mwezi uleule AEK ilipofungwa 4-0 na Olympiacos, alijiuzulu. Baadaye akafundisha Atromitos na Panetolikos. Kupandisha timu mara mbili mfululizo hakukumpa hata msimu mmoja mzima wa ligi kuu. Kwa hiyo kabla hujashika filimbi, omba mkataba wa maandishi hata kama anayekuajiri ni mjomba wako: mshahara unalipwa tarehe ngapi, nani anasajili wachezaji, na ukiondolewa katikati ya msimu unalipwa nini. Daftari la mazoezi liwe lako, liandike kila siku, na ukiondoka uondoke nalo.