Maji ya mto mmoja, wenyewe wengi: maswali yenu

Mto ukianzia kwetu, maji si yetu?

Hapana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997, ulioanza kutumika 2014, unataka kila nchi itumie maji kwa haki na kwa kiasi, bila kuwadhuru wengine pakubwa. Aliye chini ya mto naye hawezi kudai mto wote eti kwa sababu aliwahi kuutumia. Tatizo ni kwamba mkataba huwabana waliojiunga tu, na Misri na Ethiopia hazimo.

Kwa nini Misri haiachi mikataba ya zamani ya Mto Nile?

Kwa sababu mikataba hiyo inaipendelea Misri. Ule wa 1959 uliipa mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudan bilioni 18.5. Ethiopia, yanakotoka takriban asilimia 85 ya maji yafikayo Aswan, kusini mwa Misri, haikuitwa mezani. Kabla yake, 1929, Uingereza ilisaini kwa niaba ya makoloni yake. Nyerere alikataa urithi huo mapema, Tanganyika ilipopata uhuru, na sioni hoja ya kumpinga.

Bwawa la umeme linamaliza maji?

Mitambo ya kufua umeme hainywi maji. Yanaizungusha, kisha yanaendelea na safari. Yanayopotea ni yale yanayogeuka mvuke juu ya ziwa la bwawa. Bwawa kuu la Ethiopia, lililozinduliwa Septemba 2025, linaweza kushika mita za ujazo bilioni 74, na kulijaza kulianza 2020. Kwa hiyo ugomvi uliobaki ni wa ratiba: mvua ikikosekana miaka mitatu mfululizo, Ethiopia iachie kiasi gani? Sudan ina shida ya karibu zaidi. Bwawa lake la Roseires liko kama kilomita 100 tu chini ya lile, na mwendeshaji wake anapaswa kujua leo milango ya juu itafunguliwaje kesho. Asipoambiwa, anaweza kufurikiwa au kukaukiwa. Mimi ningeanza na hilo, kupeana takwimu kila siku, kabla ya kubishania mgao.

Kuna waliowahi kuelewana?

Wapo. Mali, Mauritania na Senegal ziliunda shirika la pamoja la Mto Senegal mwaka 1972. Bwawa la Manantali liko ndani ya Mali, lakini ni mali ya wote watatu, na umeme wake wanagawana.

Na India na Pakistan?

Mkataba wao wa Mto Indus wa 1960 ulivuka vita kadhaa. India iliusimamisha Aprili 2025, na Pakistan inasema upande mmoja hauna mamlaka hayo.