Maswali Yenu: Fundi Anataka Kuwa Mwalimu

SWALI: Asalaam aleikum mzee. Mie ni fundi wa mawe hapa Kisauni mwaka wa 16 sasa, mgongo umeanza kunisumbua, nataka nikafundishe vijana chuoni lakini diploma sina. Yawezekana?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Yawezekana, ila makaratasi lazima. Anza na mtihani wa NITA, ile mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani inayopima ujuzi wa mafundi, gredi 3 ndio ya chini na 1 ndio ya juu, wewe lenga hiyo 1. Halafu kuna sheria ya TVET, yaani elimu na mafunzo ya ufundi, ya 2013, mwalimu wa chuo cha ufundi asajiliwe na TVETA, mamlaka inayosimamia mafunzo hayo, kwa hivyo nenda Kenya Coast National Polytechnic uulizie kozi.

Lakini kufundisha si kujenga, na hapa ndo mafundi wengi wazuri hukwama. Kijana ukuta ukimpinda usimnyang'anye mwiko, mpe timazi ajionee mwenyewe, abomoe simiti ikiwa bado mbichi aanze tena, hata kama wewe roho yakuwasha umalizie. Na atakuuliza kwa nini! Kwa nini mchanga wa baharini usitiwe kwenye zege, basi mwambie ile chumvi yala nondo ndani kwa ndani mpaka zege lipasuke, umpeleke akaone nguzo iliyopasuka hivyo aishike kwa mkono wake.